Mafuta ya nazi ya baridi yanaharibika kabla hayajatiwa chupani

Ndugu Mhariri,

Siku hizi kila semina ya wasindikaji wa nazi hapa Tanga huishia kwenye vifungashio: chupa yenye shingo ndefu, lebo ya rangi, mfuniko wa dhahabu. Hatuna ugomvi na chupa nzuri. Ila mafuta mengi yanayorudishwa na wenye maduka, yakiwa na harufu ya uchachu au ladha ya sabuni, yalikuwa yameshaharibika kabla hayajatiwa chupani, na hakuna lebo ambayo ingeyaokoa. Tunaomba nafasi katika gazeti lako tueleze yanavyoharibika, maana vikundi kuanzia Pangani hadi Mkinga vinamwaga pesa mwisho wa kazi na kubana matumizi mwanzoni.

Kwanza msomaji atenganishe mafuta ya aina mbili. Mafuta ya kuchemsha, yale ya bibi zetu, hutokana na tui lililopikwa mpaka maji yote yakauke na mashata yageuke rangi ya kahawia. Moto ule huua vijidudu na hufukuza maji, ndiyo maana mafuta hayo hukaa miezi mingi hata kwenye chupa ya soda iliyozibwa kwa gunzi la mahindi. Kwenye mafuta ya baridi, ambayo saluni na wageni wa hoteli huyalipia bei kubwa zaidi, moto huo haupo. Tui huachwa lijitenge lenyewe, au nazi iliyokunwa hukaushwa kidogo na kukamuliwa kwa mashine, na joto halipandishwi zaidi ya nyuzi 60. Kazi iliyokuwa ikifanywa na moto sasa inapaswa kufanywa na usafi, saa na kipimajoto. Kikundi kinachoondoa moto bila kuweka kitu mahali pake kinauza tui lililochacha.

Kinachoyaharibu ni maji. Karibu asilimia 90 ya mafuta ya nazi ni mafuta yaliyoshiba, kwa hiyo hewa na mwanga haviyaharibu haraka kama vinavyoharibu mafuta ya alizeti. Lakini maji yakibaki ndani yake, hata kidogo, vimeng'enya vya nazi yenyewe, vya ukungu na vya bakteria hupata nafasi ya kuyavunja na kuachia asidi. Karibu nusu ya asidi zilizomo kwenye mafuta ya nazi ni ya lauriki, na ikishakuwa huru ndiyo inayompa mlaji ile ladha ya sabuni. Hakuna aliyetia sabuni humo. Ni maji tu.

Kiwango cha mafuta ya mimea cha Kodeksi (Codex, tume ya kimataifa ya viwango vya chakula), CXS 210, kinataka unyevu usizidi asilimia 0.2. Jumuiya ya nchi zinazolima nazi, yenye makao Jakarta, ni kali zaidi: kwa mafuta ya baridi inataka asilimia 0.1. Namba hizi zinaonekana za maabara mpaka uziweke kwenye chupa. Chupa ya mililita 500 hubeba gramu kama 460 za mafuta. Mililita moja ya maji, yaani matone kama 20, ni gramu moja. Gawanya, utapata zaidi kidogo ya asilimia 0.2. Kwa maneno mengine, mafuta makavu kabisa yakimiminwa kwenye chupa iliyooshwa asubuhi na kufungashwa mchana, ikiwa bado na matone 20 yaliyojificha kwenye kona za kitako chake, yameshavuka kiwango kabla mfuniko haujakazwa. Ichukue chupa ya plastiki iliyosuuzwa, isimamishe kichwa chini kwa saa moja, kisha igeuze na uitazame dhidi ya mwanga. Maji utayaona. Chupa inahitaji kukaushwa usiku kucha ikiwa imeinamishwa kwenye chaga ndani ya chumba chenye nyavu, na wakati wa masika hata usiku mmoja hautoshi mpaka ipate hewa ya joto.

Sasa turudi kwenye nazi. Inayofaa ni ile iliyokomaa miezi 11 hadi 12, kumbi lake limekauka, na ukiitikisa maji yanacheza. Koroma lina maji mengi na mafuta machache. Nazi yenye joya, iliyoanza kuchipua, imeshaanza kutumia mafuta yake kulea mche, na vimeng'enya vyake vimeamka. Ukiichanganya na nzuri asidi inapanda kwenye tangi zima. Nazi yenye ufa nayo itupwe, hata kama nyama yake inaonekana nyeupe, kwa kuwa bakteria walishaingia kwa mlango huo. Wapo watakaoona hasara kutupa nazi 15 katika 300. Hasara ya kweli ni kuzihifadhi hizo 15.

Kufua kufanyike nje, mbali na chumba cha kukunia. Vumbi la makumbi limejaa ukungu na huingia kila mahali. Kifuu kioshwe kwa brashi na sabuni kabla ya kupasuliwa, kisha kisuuzwe kwa maji ya klorini. Dawa ya klorini ya madukani yenye nguvu ya asilimia 3.5 hutiwa mililita 57 katika lita 10 za maji ili kupata sehemu 200 kwa milioni. Kipimo hicho kinafaa pia kwa meza na ndoo. Mambo mawili huwakosesha watu hapa. La kwanza ni kutia klorini juu ya uchafu: mabaki ya tui huimaliza nguvu papo hapo, kwa hiyo sabuni itangulie, maji yafuate, klorini iwe ya mwisho. La pili ni kuhifadhi chupa ya dawa dirishani, ambako jua huila nguvu yake kimyakimya huku wafanyakazi wakiendelea kupima mililita zilezile.

Mashine ya kukunia ndiyo inayotutia wasiwasi kuliko vyombo vyote. Mafundi wetu wa kuchomelea ni hodari, lakini nyingi hutengenezwa kwa chuma cha kawaida kilichopakwa rangi. Baada ya muda rangi hubanduka, meno hutoa kutu, na chembe za chuma huingia kwenye nazi. Mbali na kuwa uchafu, chuma na shaba huharakisha kuharibika kwa mafuta. Sehemu zote zinazogusa nazi ziwe za chuma cha pua. Kama pesa haitoshi, anza na meno na sinia la kupokelea, mengine yafuate. Halafu tazama beringi iko wapi. Ikiwa juu ya sinia, grisi itadondoka humo siku moja. Mwambie fundi aihamishie pembeni na aweke kinga. Meno yahesabiwe na kukaguliwa asubuhi na jioni, na jino likivunjika, nazi yote ya siku hiyo isimame mpaka kipande kipatikane.

Nazi ikishakunwa, saa zinaanza kuhesabiwa. Katika joto la Tanga isikae zaidi ya saa mbili kabla ya kukamuliwa. Kikundi chenye mkamuaji mmoja hakina sababu ya kukuna nazi 300 kwa mkupuo. Kikune 60, kikamue, kisha kirudi. Maji ya kukamulia yawe yamechemshwa na kupoa mpaka vuguvugu, nusu lita hadi lita moja kwa kilo ya nazi iliyokunwa. Ukizidisha maji unapata tui jepesi linalochelewa kujitenga.

Halafu kifumbu. Ukitaka kujua kiwanda kinavyofanya kazi, usitazame sakafu, omba uonyeshwe kifumbu au kitambaa cha kuchujia kabla kazi haijaanza. Kikunjue kwenye mshono na ukinuse. Kama mshono una ute na harufu ya siki, kila tui litakalopita hapo linapandikizwa vijidudu vya jana. Ukili uliosukwa haukauki vizuri katikati, na kwa mafuta ya baridi hatuushauri kabisa. Tumia kitambaa cheupe cha pamba au nailoni ya kuchujia, vipande vitatu angalau: kimoja kinatumika, kimoja kinachemshwa dakika 15, kimoja kinakauka juani. Kikitoboka au kikianza kuacha nyuzi kitupwe. Gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na lebo elfu moja za rangi.

Tui likae kwenye ndoo ngumu ya chakula yenye mfuniko, ikiwezekana inayopitisha mwanga ili matabaka yaonekane bila kuifunua. Kwa nyuzi 35 hadi 40 hujitenga ndani ya saa 16 hivi. Kwa joto la chumba likiwa la chini kidogo, saa 20 hadi 24. Mafuta hupanda, gando jeupe hukaa chini yake na jingine huelea juu kidogo, maji yakibaki chini kabisa. Saa 24 zikipita, usingoje zaidi kwa tamaa ya kupata kikombe kingine. Mafuta yanayoendelea kukaa juu ya maji yale huanza kuvuta harufu ya uchachu na rangi ya manjano, na harufu hiyo haitoki tena kwa kuchuja. Ndoo ambayo haijajitenga kwa muda huo ina kasoro ya mwanzo: nazi changa, maji mengi, au chombo kichafu. Iandikwe kando na mafuta yake yachemshwe kwa njia ya zamani, yauzwe kwa jina hilo. Kuyachanganya na mazuri ili yafichike ni kuharibu yote.

Kuteka mafuta kufanyike taratibu, na sentimita ya mwisho juu ya gando iachwe. Hapo ndipo maji yanapoingia, kwa kuwa mtekaji hutaka kumaliza. Yachujwe, kisha yakaushwe kwenye sufuria pana ya chuma cha pua iliyowekwa ndani ya sufuria kubwa ya maji ya moto, mafuta yakiwa kati ya nyuzi 50 na 60, yakikorogwa polepole saa moja mpaka mbili. Sufuria ndefu nyembamba haifai, uso wake ni mdogo na mvuke hauna pa kutokea. Wala usiifunike: mvuke utagonga mfuniko na kurudi kama matone. Yakipoa, yaache yatulie kwenye tangi lenye bomba juu kidogo ya kitako, wiki moja au mbili, ili mashapo na matone yaliyobaki yashuke.

Kipimo cha maabara ndicho cha uhakika, lakini jikoni kipo cha haraka. Tia kijiko cha mafuta kwenye kikaango kikavu na ukipashe moto: yakitatarika, maji yamo. Yakinyamaza, bado hujathibitisha asilimia 0.1, ila umeepuka aibu kubwa.

Kipimajoto nacho kipimwe. Kwenye barafu inayoyeyuka kisome 0, na kwenye maji yanayochemka hapa pwani kisome 100. Walioko Lushoto wasishtuke wakiona kama 95, kwa kuwa kwenye mwinuko wa kama mita 1,400 maji huchemka mapema. Huko huko Lushoto, na hata Tanga mjini asubuhi za Julai, mafuta ya nazi huganda au huwa na ukungu kwa sababu hugeuka chini ya nyuzi 24 au 25. Mteja akilalamika kwamba yamechanganywa na kitu, ajibiwe kwa maandishi ya lebo yenyewe: yanaganda kwenye baridi, ubora haubadiliki.

Wanaokamua mbata, yaani nazi iliyokaushwa, wana hatari za ziada. Mbata isipokaushwa mpaka unyevu ushuke hadi asilimia 6 au 7 huota ukungu unaoleta sumukuvu, na ikikaushwa juu ya moshi wa vifuu hubeba masizi yenye kemikali zinazohusishwa na saratani. Umoja wa Ulaya umeziwekea ukomo kwenye mafuta ya nazi ya kula: mikrogramu 2 za benzopireni, mojawapo ya kemikali hizo, kwa kilo. Mbata ya moshi ni ya kupelekwa kwenye kiwanda chenye mtambo wa kusafishia mafuta. Isiingie kwenye chupa iliyoandikwa ya asili.

Tumefika kwenye daftari, ambalo watu hulichukia. Kila mkupuo wa kazi upewe namba yake, kwa mfano tarehe na namba ya tangi, na namba hiyo iandikwe kwenye kila chupa. Daftari lionyeshe nazi ngapi ziliingia na kutoka shamba gani, ngapi zilitupwa, saa ya kukuna, saa ya kukamua, saa ya kuteka, joto la kukaushia, lita zilizopatikana, nani alishika zamu, chupa ngapi zilikwenda duka gani. Chupa moja ya kila mkupuo ibaki kabatini mpaka tarehe ya mwisho wa matumizi ipite. Kwa njia ya kujitenga, nazi 12 hadi 15 hutoa lita moja, kwa hiyo nazi 300 zitoe lita 20 hadi 25. Zikitoka 16, daftari litakuonyesha kama ni nazi za shamba jipya, zamu mpya au maji mengi. Bila daftari, lalamiko la chupa moja kutoka duka la Ngamiani linakulazimisha kukusanya mafuta yote uliyouza mwezi huo, au, kama wengi wanavyofanya, kunyamaza na kuomba Mungu.

Tusilaumu vikundi peke yao. Mtaji unaotolewa mara nyingi hulenga kinachopigika picha. Ukimwambia mfadhili unataka kipimajoto, mizani, vitambaa vya kuchujia, nyavu za madirisha na sinki la kunawia mikono lenye maji ya kutiririka, atakuuliza mashine iko wapi. Vyote hivyo kwa pamoja ni bei ndogo kuliko mashine moja ya kufungia mifuniko. Maafisa wa halmashauri wanaopitisha mikopo ya vikundi wangeomba kuliona daftari la miezi mitatu kabla ya kupitisha pesa za chupa, mambo yangebadilika haraka kuliko kwa semina.

Kuhusu lebo tutasema machache. Tangu mwaka 2019 usajili wa vyakula na vipodozi ulihamia TBS (Shirika la Viwango) kutoka iliyokuwa TFDA (Mamlaka ya Chakula na Dawa), na bado tunakutana na vikundi vinavyotafuta nembo ya TFDA. Ukianza safari ya TBS, pitia SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, upate barua ya utambulisho na ushauri wa jengo. Mistari ya msimbo (barcode) inayoanza na 620 inamsaidia mwenye duka kuhesabu bidhaa. Haisemi lolote kuhusu ubora, ingawa wapo wanaoitangaza kama nembo. Ujazo upimwe kwa mizani, maana Wakala wa Vipimo hatakubali kisingizio cha povu. Na maneno "hutibu kisukari na presha" yafutwe leo. Mafuta ya kula si dawa, na anayeandika hivyo anajiwekea mtego mwenyewe.

Mwisho, mhariri, neno kwa wanaopeleka sampuli maabara. Tabia iliyopo ni kuchagua chupa iliyo safi kuliko zote, mara nyingine iliyotengenezwa mahsusi kwa ajili hiyo. Matokeo yake ni cheti cha chupa moja ambayo hakuna mteja atakayeinunua. Chukueni chupa tatu za mkupuo mmoja: ya kwanza kujazwa, ya katikati na ya mwisho. Ya mwisho ndiyo iliyotoka karibu na kitako cha tangi, na maji yakiwepo yatakuwa humo. Ombeni zipimwe unyevu, asidi huru na peroksaidi (dalili ya mafuta kuharibiwa na hewa), kila chupa kwa jina lake bila kuchanganywa. Chupa ya mwisho ikipita, mna mafuta ya kuuza. Isipopita, inueni bomba la tangi sentimita mbili zaidi na mpime tena kabla ya kuagiza lebo.

Wasindikaji wa nazi,
Tanga